Simu Ilianza kwa Mama Mkwe

Siku ya tatu baada ya tarehe yangu ya kulipa mkopo wa simu kupita, mama mkwe alinipigia kutoka Kwale. "Mwanangu, kuna kijana ananiambia wewe ni mwizi na mimi ndiye mdhamini wako. Nimedhamini nini?" Mama ana simu ya mulika mwizi. Programu ya mkopo hata hajui inafananaje.

Nilikuwa nimekopa kwa simu ili niongeze madera ya kuuza kabla ya Idd. Niliomba shilingi 8,000, zikaingia 6,800, zilizobaki zikaitwa ada. Idd ikapita, madera yakabaki, deni likafika 9,400. Na siku ile naipakua programu, kila ilipouliza nilibonyeza kubali, hata ilipotaka kusoma majina yote ya simu yangu. Humo ndimo walimompata mama, mweka hazina wa chama chetu, na fundi wa mabomba niliyempigia mara moja tu maishani.

Nikafanya ujinga wa kukopa kwa programu ya pili ili nilipe ya kwanza. Halafu nikaanza kufuta jumbe za matusi, maana zilinitia kichefuchefu. Binamu yangu, karani katika ofisi ya wakili, akanigombeza: "Dada, ushahidi unaufuta mwenyewe?"

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali, pamoja na wakala wake, kumtisha au kumtukana mdaiwa, kumwaibisha mtandaoni, na kuwasumbua watu waliomo kwenye simu yake. Juu ya hapo ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa sheria hiyo mama mkwe naye alikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu namba iliyotumiwa ni yake, wala hakuwahi kuwapa wakopeshaji hao.

Tangu hapo nikabadilisha namna ya kupokea simu. Kijana akisema polisi wako njiani, namuuliza jina lake, kampuni yake na kiasi ninachodaiwa kwa maandishi. Wengi walikata. Deni kama hili ni kesi ya madai, si ya jinai. Mdai akitaka aende Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja. Polisi hawatumwi kudai elfu nane.

Kumjua mdai wangu ndiko kulikonitoa jasho. Jina la programu halikuwamo kwenye orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wenye leseni, kwa kuwa orodha ile huandika majina ya kampuni. Nikarudi kwenye ujumbe wa M-Pesa wa mkopo niliowahi kulipa kwa programu hiyo hiyo: jina la kampuni lilikuwa pale pale. Leseni walikuwa nayo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikapeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hulipi kitu, na sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi. Mwaka 2023 ofisi hiyo ilimtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi 2,975,000 kwa mambo ya namna hii, kwa hiyo sikuona kama napoteza muda. Niliambatisha picha za jumbe zilizosalia, saa za simu, na maelezo ya mama aliyoandikiwa na binti yangu kwenye daftari la shule.

Deni sikulikana. Niliiandikia kampuni barua pepe nikiomba kulipa kwa awamu nne, nikalipa kupitia paybill ya kampuni tu. Kuna wakala aliyeniambia, "Madam, nitumie mimi elfu tano tumalizane." Sikumtumia. Nilipomaliza nilidai barua ya kuthibitisha, kisha nikachukua ripoti yangu ya CRB, yaani ofisi inayoweka kumbukumbu za mikopo, ambayo mara moja kwa mwaka ni bure, nione kama jina limesafishwa.

Simu zilikoma wiki ya tatu baada ya malalamiko. Kampuni ikajibu kwamba kosa ni la wakala wa nje, kana kwamba wakala alijituma mwenyewe. Mama mkwe hajaridhika. Kila akilala simu huiweka karibu na mto, anamngoja yule kijana apige tena.