Laina ya bodi ya pikapu hapa Mombasa: angalia chini yake kwanza

Mtu akienda kutafuta laina ya bodi ya pikapu, yaani kinga ya kufunika sakafu na kuta za mahali pa mzigo, huwa anawaza mzigo: mawe, mabati, kreti za soda, mitungi ya gesi. Ataulizia unene, ataigonga kwa kisigino, ikilia nzito anaridhika. Bara huko huenda hilo likatosha. Hapa pwani kinachomaliza bodi ni maji ya chumvi yaliyotuama mahali yasipoonekana, na laina isiyofaa ndiyo inayoyatandikia godoro. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, muulize muuzaji hivi: maji yakiingia chini ya kitu hiki, yatatokea wapi?

Tuanze na ile ya plastiki nyeusi inayoshushwa nzima ndani ya bodi, kwa kuwa ndiyo watu wanaijua zaidi. Ina kazi moja inayoifanya vizuri kuliko zote, nayo ni kuzuia chuma kisibonyee. Jiwe la matumbawe likiangushwa kutoka begani, plastiki inanyumbuka na kulitawanya pigo. Laina ya kupuliza kama rangi, hata iwe nene vipi, inazuia mkwaruzo tu. Bati lililo chini yake litabonyea vilevile. Anayepakia mabloki ya kujengea kila siku ana haki ya kuipenda plastiki.

Taabu yake ni kwamba haikukamatana na bodi. Gari likienda inacheza, mchanga unapenya, na hapo plastiki na mchanga vinageuka msasa unaosugua rangi safari nzima. Inua laina ya pikapu iliyobeba samaki msimu mmoja au miwili uone: kutu imefuata mgongo wa kila mkunjo wa bati, na kwenye pembe za mbele, karibu na kebini, kuna tope jeusi la magamba na mchanga, bado bichi ingawa mvua haijanyesha. Kutoka juu gari lilikuwa linang'aa.

Ukiichagua hata hivyo, hakikisha ni ya gari lako lenyewe. Ya Hilux Vigo haikai kwenye Revo, toleo lililoifuata, na ya kebini moja haikatwi ikatosha bodi ya kebini mbili. Pendelea ya kushikwa kwa klipu kuliko ya skrubu. Kama ni lazima kutoboa, kila tundu lipakwe praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mpaka ndani na liwekewe kizibo cha mpira kabla ya skrubu kuingia. Halafu itoe yote kila miezi mitatu, na tena masika ikiisha, uoshe chini kwa maji matamu na uache pakauke. Kama unajua hutafanya hivyo, usiinunue. Na ukienda kutazama pikapu ya mkononi, laina itolewe kabla hamjaanza kuongea bei. Muuzaji akisema imeganda haitoki, hesabu gharama ya sakafu mpya kwenye bei yako.

Jambo moja la hatari ambalo wengi hawalijui: usijaze mtungi wa petroli ukiwa juu ya laina ya plastiki. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo chaji inayojikusanya kwenye mtungi wakati wa kumimina haina pa kwenda, na cheche inaweza kuruka kwenye nozeli. Shusha mtungi chini, sakafuni pa kituo, ndipo ujaze. Hata wa plastiki, hata wa lita tano tu wa jenereta.

Mkeka wa mpira ni jambo jingine kabisa. Haulindi kuta, lakini mzigo hautelezi juu yake, na ukitaka kuona chini unaukunja tu. Unene wa milimita 10 unatosha kazi nyingi. Uzito wake upimie kichwani: sakafu ya kebini mbili ni kama mita 1.5 kwa 1.5, yaani mita 2.25 za mraba, na mpira wa unene huo utakuwa kati ya kilo 27 na 34. Ule wa mkanda wa konveya ni mgumu na bei yake ni nafuu, lakini kagua kingo zake. Kama umekatwa ukaonyesha nyuzi za kitambaa, nyuzi hizo zinanyonya maji na kuyaweka hapo hapo dhidi ya chuma. Wenye waya za chuma ndani uache kabisa, utakwaruza na kutoa kutu yake. Na usiupigilie skrubu. Faida yake yote ni kwamba unatoka.

Bati la cheka pleti, lile lenye vinundu vya kuzuia utelezi, la kuchomelea lina wapenzi wake, hasa kwenye pikapu za zamani za kazi. La chuma la milimita 3 lina zaidi ya kilo 23 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo umeongeza nusu kwintali kabla hujapakia chochote. Mbaya zaidi ni kule kuchomelea: moto unaunguza zinki na rangi upande wa chini, mahali brashi haifiki tena, na kutu inaanza siku hiyo hiyo. La alumini ni jepesi, ila alumini na chuma vikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini inaliwa. Utaona unga mweupe ukitoka kwenye riveti.

Sasa laina ya kupuliza, na hapa ndipo penye maneno mengi na ujanja mwingi.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni poliyurea au poliyurethini inayopulizwa kwa mashine yenye joto na presha kubwa. Vitu viwili vinakutana kwenye mdomo wa bunduki na kukauka kwa sekunde. Inatoka nene, kati ya milimita 1.5 na 3, na inahitaji karakana yenye mashine hiyo. Ya pili ni ya chupa, kama Raptor ya U-POL, ambayo fundi yeyote wa rangi mwenye kompresa anaweza kuipuliza. Hiyo ni nyembamba zaidi, lakini kwa gari la biashara ya kawaida inatosha, na kiraka chake ni rahisi. Mtu akikuambia anakupigia "laina ya mashine" kisha unaona chupa nne mezani, mmeshajua bei gani mnaongea.

Chupa ya aina hiyo inakuja na mililita 750 za rangi, nawe unaongeza mililita 250 za hadina, dawa ya kuifanya igande, yaani tatu kwa moja. Seti ya chupa nne inatoa lita 4 zinazofunika takriban mita 11 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipuliza mara moja. Bodi ya kebini mbili, sakafu na kuta na mlango wa nyuma kwa ndani, ni kama mita 5 za mraba. Mikono miwili ni 10. Seti moja inafika, kwa kubana. Ya kebini moja yenye urefu wa mita 2.3 ni kama mita 7, mikono miwili 14, kwa hiyo unahitaji seti moja na chupa mbili juu yake. Fundi anayesema atamaliza kebini moja kwa chupa nne atapiga mkono wa pili kwa kuchungulia, na sakafu ndiyo itakayopata hasara.

Kazi yenyewe, asilimia kubwa ni maandalizi. Ondoa ndoano za kamba, taa zilizo karibu, na mlango wa nyuma ikiwezekana. Osha kwa sabuni, na hapa maji ni jambo kubwa. Visima vingi Mombasa ni vya chumvi, na maji ya boza mara nyingi yametoka kisimani. Ukisuuza bodi kwa maji hayo ukaiacha ikauke, umebakisha chumvi isiyoonekana chini ya laina. Chumvi inavuta unyevu kupitia kwenye rangi, na baada ya miezi unaona malengelenge madogo madogo. Ukilitumbua moja linatoa maji. Suuza mwisho kwa maji matamu ya mfereji, na kama huna uhakika, yaonje.

Gari lililobeba samaki au mafuta ya kupikia lifutwe kwa dawa ya kuondoa mafuta kabla ya msasa, si baada yake tu. Ukianza na msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Futa kwa kitambaa kimoja chenye dawa, kausha kwa kingine kisafi, ubadilishe vitambaa mara kwa mara. Kisha msasa wa namba 180 mpaka hakuna mng'ao uliobaki popote. Kwenye mikunjo na pembe ambako msasa hauingii tumia skochi, ile pedi ya nyuzi ya kusugulia. Laina inayobanduka kama ngozi, kipande kizima, karibu kila mara imebandukia mahali palipobaki na mng'ao au mafuta.

Kutu ndogo isuguliwe kwa brashi ya waya ya grainda mpaka chuma kiwe cheupe. Iliyotoboa ikatwe na kuchomelewa bati jipya. Kuifunika kwa fila ni kununua muda wa miezi michache. Chuma kilicho wazi kipate praima ya epoksi ya vitu viwili siku hiyo hiyo. Hapa kwetu chuma kilichosuguliwa jioni kina rangi ya chungwa asubuhi. Boliti zinazoshika bodi kwenye chesi zizibwe kwa tepu zisipakwe, la sivyo siku ya kuishusha bodi utachana laina. Matundu ya kutolea maji nayo yazibwe wakati wa kupuliza tu, kisha yafunguliwe. Hili husahaulika mno.

Halafu hewa. Hadina ya laina hizi ina kemikali iitwayo isosayaneti, na isosayaneti ikikutana na maji inatoa gesi ya kabonidayoksaidi. Ndiyo vile vitundu vidogo unavyoviona kwenye kazi mbaya, na kila kimoja kinapitisha maji. Unyevu unatoka sehemu mbili. Kwanza kompresa: tangi limwagwe maji kabla ya kuanza, na kuwe na kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa. Pili chuma chenyewe: joto lake liwe juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, kwa nyuzi 3 au zaidi. Kwa lugha ya karakana, usipulize alfajiri bati likiwa bado na ubaridi, wala jioni fukuto linapoanza kushuka. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ndio wakati wake, chini ya paa, si juani. Bati lililochomwa na jua la utosi linakausha ngozi ya juu kabla ya ndani. Mwezi wa nne na wa tano, kazi ikiweza kungoja, ingoje. Kaskazi ndiyo majira yake.

Tikisa chupa dakika mbili nzima. Changanya moja moja, kwa sababu kwa joto letu mchanganyiko unaanza kuwa mzito kabla ya saa moja kuisha. Mkono wa kwanza mwembamba, ngoja kama saa moja, kisha wa pili. Toa tepu kabla laina haijakauka kabisa, ama itavunjika kwa meno meno. Fundi avae barakoa yenye vichujio vya kemikali. Ya kitambaa au karatasi haizuii isosayaneti, na mapafu yakishapata mzio nayo, hata kuivuta kidogo baadaye kunaweza kuleta pumu. Watoto wa jirani wanaokuja kutazama nao wasogezwe.

Baada ya hapo gari lisipate maji siku ya kwanza, mzigo mwepesi baada ya siku mbili tatu, na mawe baada ya wiki. Wenye magari hawapendi kusikia hilo, lakini kreti ikiburutwa siku ya pili inaacha alama isiyotoka. Nyeusi itafifia juani kama kemikali yake ni ya aina ya aromatiki. Ya alifatiki inahimili zaidi, kwa hiyo ulizia kama rangi ni kitu kwako. Kufifia peke yake hakuharibu kinga.

Kwa pikapu nyingi za hapa, ya kwenda soko la Kongowea asubuhi na kubeba simenti mchana, ningechagua laina ya kupuliza iliyoandaliwa vizuri na mkeka wa mpira uliolazwa juu yake bila kufungwa. Laina inalinda chuma dhidi ya chumvi, mkeka unapokea mapigo. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, anza na maandalizi na laina. Mkeka utanunua mwezi ujao.

Ukienda kwa fundi, omba akuonyeshe kazi aliyoifanya mwaka jana, usitazame ya wiki iliyopita. Angalia ukingo wa juu ya mlango wa nyuma na pembe za matao ya magurudumu. Ndiko laina huanza kuachia. Pitisha ukucha kwenye ukingo. Ukiingia chini yake, mengine usiulize.

Kila ukishusha samaki, mwaga maji matamu kuanzia mbele kurudi nyuma, na uzibue matundu ya maji kwa kijiti. Jeraha lililofika kwenye chuma lisikae wiki: msasa, praima ya epoksi, halafu laina ya aina ile ile kwa brashi. Ila usitegemee hadina iliyobaki chupani kutoka kazi ya kwanza. Ikishafunguliwa inavuta unyevu wa hewa, na ukikuta imeota utando juu au imekuwa nzito, haitakausha kitu; nunua chupa moja mpya.