Majalada ya malale ya Kigoma: yaliko si Idara ya Afya

Karibu kila niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, omba majalada ya Idara ya Afya, tafuta malale. Ni ushauri wa watu ambao hawajawahi kukaa kwenye chumba kile cha kusomea. Majalada ya Afya yana wagonjwa wangapi, waliokufa wangapi, dawa imebaki kiasi gani, basi. Nilichokuwa nakitafuta mimi, yaani kwa nini watu wa Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, walihamishwa miaka ya 1930 na pori lilifanya nini walipoondoka, hakimo.

Barua ya utambulisho, kibali na ada, hayo yanajulikana. Iliyonila ni nauli ya treni na malazi ya Dar, si ada. Kalamu ya wino acha nyumbani, beba penseli.

Orodha ya majalada imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini na haikijui kijiji chako. Andika jina la kijiji, utapata sifuri. Waliohamishwa walikusanywa kwenye makazi yaliyoitwa "Sleeping Sickness Settlements" au "Concentrations"; tafuta maneno hayo, tena chini ya Western Province, kwa sababu miaka hiyo Kigoma iliendeshwa kutoka Tabora.

Utamu wenyewe uko kwenye kodi, asali na wanyamapori. Serikali haikumhamisha mlipa kodi bila kumhesabu, kwa hiyo linganisha hesabu za kodi za kabla na baada ya kuhama, utaona nani alifika makazi mapya na nani aliyeyuka njiani. Asali nayo: mrina asali hana budi kuingia miomboni, na miombo ndiyo nyumbani kwa mbung'o. Nta ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje, ofisi haikutaka kuipoteza, lakini haikutaka mrina arudi na ugonjwa pia. Barua za vibali vya kuingia porini ndizo zitakazokuchorea ramani ya pori lililofungwa, vizuri kuliko ripoti yoyote ya daktari. Jalada lenye neno "beeswax" usilipite.

Jalada la Sekretarieti, yaani ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, lina sehemu mbili: barua zenye namba za folio (namba ya kila karatasi jaladani), na karatasi za dokezo, ambako maofisa waliandikiana maoni. Wengi hupiga picha barua zote na kuliacha dokezo kwa kuwa mwandiko wake ni mbaya. Fanya kinyume. Kwenye dokezo ndiko daktari, ofisa wa mbung'o na ofisa wa fedha wanapobishana, kila mmoja akitaja folio anayoijibu. Soma dokezo kwanza, orodhesha folio zinazogombaniwa, kisha ziendee hizo moja kwa moja. Nusu ya siku inapona. Folio ikiwa imenyofolewa, bado kuna tumaini: barua za gavana kwenda London zimehifadhiwa Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, chini ya fungu CO 691. Katalogi yake inasomeka bure mtandaoni. Nakala zenyewe ni ghali, bora umpate ndugu aliye huko akupigie picha.

Kinachoharibu kazi nyingi ninazozisoma ni kuchanganya malale mbili. Kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika Wajerumani walipambana na ile ya polepole, gambiense, inayoenezwa na mbung'o wa vichaka vya kando ya maji. Miaka ya 1930 huko Buha tatizo lilikuwa rhodesiense, ya miomboni, inayoua upesi na kujificha ndani ya wanyamapori kama pongo. Hii ya pili haikutambuliwa kuwa kimelea tofauti hadi 1910, kwa hiyo karatasi ya zamani zaidi haitakutenganishia. Ukurasa usio na tarehe upime kwa dawa ya malale inayotajwa: ikiwa ni atoksili, dawa ya zamani, peke yake, huenda uko enzi ya Mjerumani, ukikuta "Bayer 205", dawa iliyokuja baadaye, umeshavuka 1920.

Na ule uvumi kwamba majalada ya Wajerumani yote yaliungua vitani ni uongo. Mengine yapo Upanga, mengine Berlin kwenye fungu R 1001, ambalo unalifungua bure kupitia invenio, mfumo wa nyaraka zao. Tafuta "Schlafkrankheit" (malale) na "Udjidji" (Ujiji) kwa tahajia hiyohiyo. Ripoti nyingi zimepigwa chapa. Kinachosumbua ni maandishi ya pembeni kwa Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani. Aliyeongoza kampeni ya Wajerumani dhidi ya malale, Friedrich Karl Kleine, ndiye aliyethibitisha mwaka 1909 kwamba kimelea hukua ndani ya mbung'o kabla ya kuambukiza. Ripoti za kambi walikotibiwa wagonjwa hulalamika kwamba wagonjwa wanatoroka. Kumbuka atoksili ilipofusha baadhi yao, halafu usome upya neno "wakaidi".

Kitabu cha Wilaya ya Kasulu, yaani daftari la kumbukumbu la ofisi ya wilaya enzi za ukoloni, kimehifadhiwa kwa mikrofilamu. Kurasa za mvua zipige picha hata kama leo huzihitaji, maana kichaka hurudi kwa mvua na mbung'o hufuata kichaka. Mashine ya kusomea huwa na foleni, na filamu ina kurasa zilizofifia: punguza mwanga wa mashine badala ya kuuongeza, maandishi yatajitokeza.