Njano Isiyotoka: Kuangazia na Kutandika Rangi katika Word

Mwezi uliopita dada mmoja anayemalizia shahada ya uzamili aliniletea tasnifu yake kwenye fleshi, akaniomba niisafishe kabla ya kuichapa. Msimamizi wake alikuwa ameipitia katika Word na kupaka njano kila sentensi aliyoitilia shaka. Dada alikwisha kuzirekebisha sentensi zote, lakini njano aliiacha makusudi ili asipotee njiani, na sasa siku ya kukabidhi ilikuwa imefika. Nikafanya lile ambalo mtu mwenye haraka hulifanya: nikachagua maandishi yote, nikabonyeza kile kitufe chenye herufi A na kifutio, kinachoondoa mapambo yote kwa mkupuo mmoja. Vichwa vya sura vikawa sawa na aya za kawaida, majina ya vitabu katika marejeo yakapoteza mlazo, nukuu ndefu zilizojongezwa ndani zikarudi pambizoni, na njano ikabaki pale pale, imetulia kana kwamba haikuambiwa kitu.

“Kaka, mbona kimetoka kila kitu isipokuwa kile nilichokuomba?”

Nilibonyeza Ctrl na Z kwa haraka, kila kitu kikarejea mahali pake, kisha nikamweleza jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa sana kulijua, ingawa kazi yangu ya kila siku ni kupanga na kusahihisha miswada. Kinachoonekana kwenye skrini kama rangi moja nyuma ya maneno, ndani ya Word ni vitu viwili tofauti, ambavyo huwekwa kwa vitufe tofauti, huondolewa kwa njia tofauti, na kimoja hakisikii amri za mwenzake. Cha kwanza ni kuangazia, yaani kile cha kitufe chenye picha ya kalamu, jirani na kitufe cha rangi ya herufi. Cha pili ni cha kitufe chenye picha ya ndoo ya rangi, ambacho hukaa mbali kidogo, pamoja na vitufe vya aya. Hiki cha pili mimi hukiita kutandika rangi, kwa sababu rangi yake hulala chini ya maneno kama shuka chini ya mtu, na nitalitumia neno hilo hadi mwisho.

Mwenye kutaka kuhakikisha kwa macho yake anaweza kufanya jaribio dogo. Faili la Word lenye kiambishi cha docx kwa kweli ni kifurushi kilichobanwa. Ukinakili faili lako, ukabadilisha kiambishi cha ile nakala kuwa zip na kuifungua, utakuta folda iitwayo word, na ndani yake faili liitwalo document.xml ambamo maandishi yako yote yamo pamoja na maagizo yake. Neno lililoangaziwa njano hutanguliwa na agizo hili:

<w:highlight w:val="yellow"/>

Neno lililotandikwa njano ile ile, ambalo kwa jicho huwezi kulitofautisha na la kwanza, hutanguliwa na hili:

<w:shd w:val="clear" w:color="auto" w:fill="FFFF00"/>

Tazama tofauti yake. Agizo la kwanza hutaja rangi kwa jina, na majina yenyewe yana ukomo, kwani kalamu ya Word inakupa rangi 15 tu za kuangazia. Agizo la pili hutaja rangi kwa tarakimu, ambapo jozi tatu za herufi na namba hueleza kiasi cha nyekundu, kijani na buluu. Hapa nyekundu imejaa, kijani kimejaa na buluu haipo, na mchanganyiko huo ndio njano. Kwa mpango huo wa tarakimu zinapatikana rangi zaidi ya milioni 16, zikiwemo zile hafifu za maziwa na mchanga ambazo kalamu ya kuangazia haina kabisa.

Uchache wa rangi za kuangazia unaeleweka ukikumbuka kwamba kitufe hicho kinaiga kalamu halisi. Kalamu ya kuangazia iliuzwa kwanza na kampuni ya Carter's Ink ya Massachusetts, Marekani, mwaka 1963, na mwaka 1971 kampuni ya Schwan-Stabilo ya Ujerumani ikatoa Stabilo Boss, ile fupi na nene ambayo wengi wetu tumeiona juu ya meza ya mwalimu. Njano ilipendwa kwa sababu nzuri: mwanga wake unaacha herufi nyeusi zisomeke bila shida, na mashine nyingi za kutoa kopi haziioni, hivyo kopi hutoka safi. Word imeirithi njano kuwa rangi yake ya kwanza, ila haikurithi hiyo sifa ya kutoonekana. Ukichapa kwa printa ya nyeusi na nyeupe, njano ya Word hugeuka kijivu hafifu chenye vitone, na ukurasa huonekana kama umepitiwa na kitambaa kichafu.

Kati ya hizo rangi 15, kwa maoni yangu zinazofaa kuwekwa nyuma ya herufi nyeusi ni nne tu: njano, kijani angavu, feruzi na kijivu hafifu. Zilizobaki, hasa buluu, buluu iliyokolea, zambarau na nyekundu iliyokolea, sijui ziliwekwa kwa ajili ya nani. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yapishane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya njano kamili hufikia zaidi ya 19 kwa 1, lakini nyeusi juu ya buluu kamili haifiki hata 2.5 kwa 1. Huhitaji kuwa na macho mabovu ili uone tabu hiyo. Inatosha kuisoma saa tisa alasiri kwenye kompyuta mpakato iliyopunguzwa mwanga kwa kuogopa kuisha kwa chaji.

Kwa kazi yake halisi, ambayo ni kuweka alama za muda, kuangazia hakuna mpinzani. Ukibonyeza kalamu kabla ya kuchagua chochote, kishale hugeuka kalamu, nawe utapita ukipaka neno baada ya neno mpaka ubonyeze Esc. Zaidi ya hayo, alama hizo zinaweza kutafutwa. Katika kisanduku cha kutafuta unaacha nafasi ya neno wazi, unafungua orodha ya “Format” na kuchagua “Highlight”, na Word itakupeleka kutoka kipande kimoja kilichoangaziwa hadi kingine, ingawa haibagui rangi. Na kama mteja anataka kuona ukurasa usio na alama huku wewe bado unazihitaji, ndani ya mipangilio ya “Display” kuna kisanduku ambacho ukikiondolea alama ya tiki huficha alama zote za kuangazia, kwenye skrini na kwenye karatasi pia. Alama zenyewe hubaki ndani ya faili. Kisanduku hicho kimeniokoa zaidi ya mara moja.

Kutandika ni kazi ya namna nyingine, kwa kuwa ni sehemu ya mavazi ya hati, na hapa ndipo watu wengi hutumia kalamu mahali panapodai ndoo. Ukichagua maneno machache ndani ya aya, rangi ya ndoo hukaa nyuma ya maneno hayo tu. Ukichagua aya nzima pamoja na alama yake ya mwisho, rangi hujaza mstatili wote kutoka pambizo hadi pambizo, hata pale mstari wa mwisho unapoishia katikati. Anayetaka kuamua mwenyewe bila kubahatisha afungue dirisha la mipaka na rangi, ambamo kuna sehemu ya kuchagua kama rangi ihusu maandishi au aya. Na kama herufi zako zimeachwa katika rangi ya kujiamulia, ile iitwayo “Automatic”, ukitandika rangi iliyokolea sana zitageuka nyeupe zenyewe ili zisomeke.

Faida kubwa ya kutandika ni kwamba rangi yake inaweza kuwekwa ndani ya mtindo, yaani mapambo yaliyokusanywa chini ya jina moja ili yapewe aya nyingi, jambo ambalo kuangazia hakuwezi. Niliwahi kupanga mwongozo wa mafunzo wa kurasa 60 hivi, wenye visanduku vingi vilivyoanza kwa neno “Zingatia”, na mteja alitaka viwe na usuli wa kijani kibichi cha majani. Nilitengeneza mtindo mmoja wa aya, nikauita Zingatia, nikauwekea kijani, kisha kila aya ya namna hiyo nikaipa mtindo huo. Siku tatu baadaye mteja alipiga simu kusema kwamba mkubwa wake hakuipenda kijani, anapendekeza rangi ya mchanga. Nikabadilisha rangi ndani ya mtindo mara moja tu, na visanduku vyote vikabadilika kabla simu haijakatwa. Sikumwambia kwamba imekwisha. Nilimwambia aipitie jioni. Ninavifahamu vijiwe vya uchapaji ambako kazi kama hiyo ingefanywa kisanduku kwa kisanduku, kisha ikatozwa kwa saa.

Kwa upande mwingine, kutandika ndiko kunakoleta rangi zisizoalikwa. Mtu anaponakili kifungu kutoka kwenye tovuti na kukibandika katika Word, usuli wa tovuti huja pamoja na maneno, nao huja ukiwa umetandikwa. Ndiyo maana kuna mistari ya kijivu inayokataa kutoka hata ukiipitia kwa kalamu na kuchagua “No Color” mara kumi: unaamuru kalamu iondoke mahali ambapo haikuwahi kufika. Kibaya zaidi ni usuli mweupe, kwa sababu juu ya karatasi nyeupe hauonekani kabisa, mpaka siku utakapohamishia kifungu hicho ndani ya jedwali lenye rangi ndipo maneno yatokee yamevaa vipande vyeupe. Wengine huutengeneza ugonjwa huu kwa mikono yao wenyewe, kwa kudhani kwamba kuchagua rangi nyeupe ndiko kufuta. Nyeupe ni rangi kama nyingine. Kufuta ni “No Color” ya ndoo. Au basi kwa maneno uliyoyachagua bonyeza Ctrl na upau wa nafasi, na kwa aya bonyeza Ctrl na Q, ukijua kwamba amri ya kwanza itaondoa pia mlazo na wino mzito, na ya pili itaondoa ujongezaji uliouweka kwa mkono. Njia isiyo na gharama ni kubandika maneno matupu tangu mwanzo, kwa kuchagua lile chaguo la kubandika lenye picha ya herufi A peke yake.

Wanaohamisha faili kati ya programu wanapaswa kuwa macho zaidi. Google Docs, programu ya kuandikia ya mtandaoni, haina ukomo wa rangi 15, hivyo rangi uliyoichagua humo kwa tarakimu, ikiwa haimo katika orodha ya Word, itafika Word ikiwa imetandikwa hata kama wewe uliiita kuangazia. LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama ya Word, imelikiri tatizo hili waziwazi: katika mipangilio yake ya kupakia na kuhifadhi, upande wa Microsoft Office, unaulizwa kama rangi nyuma ya herufi ihifadhiwe kwa namna ya kuangazia au ya kutandika.

Kuna jambo moja la kuangazia ambalo nalipinga kila ninapoliona, nalo ni kufunika majina na namba za simu kwa rangi nyeusi kabla ya kutuma hati kwa mtu wa nje. Rangi iko nyuma, maneno bado yapo. Anayepokea atayachagua, atayabandika kwingine na kuyasoma yote. Hata wenye uzoefu huteleza. Mnamo Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyekuwa meneja wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati ya PDF yenye vifungu vilivyozibwa kwa weusi, na waandishi wa habari wakavisoma kwa kunakili na kubandika tu. Jina lisilotakiwa kusomwa hufutwa, na mahali pake huandikwa herufi za X, kisha ndipo upake weusi ukipenda.

Nirudi kwa tasnifu. Njano ya msimamizi ilikuwa ya kalamu, kwa hiyo nilichagua maandishi yote, nikafungua kalamu, nikachagua “No Color”, na njano ikaondoka mara moja bila kugusa mlazo wala vichwa vya sura. Vilibaki vipande viwili vya kijivu katika sura ya pili, vilivyotokana na tovuti, nikaviondoa kwa ndoo. Dada alifurahi, nami nikachapa nakala 4, zikaenda kuwekewa jalada gumu. Nilichosahau ni kwamba Ctrl na A ikibonyezwa ndani ya matini kuu haigusi tanbihi. Ilinipasa kuweka kishale ndani ya tanbihi moja, nibonyeze Ctrl na A tena ili zichaguliwe zote, kisha nirudie kazi ile ile. Msimamizi hakuwa ameziruka tanbihi. Jioni dada alirudi na nakala zote 4 mkononi, akafungua moja bila kusema neno, akaweka kidole juu ya tanbihi ya 14, palipokuwa na mstari wa kijivu wenye vitone. Kurasa za namna hiyo zilikuwa 3. Kwa nakala 4 zikawa 12, na jalada likafumuliwa na kufungwa upya kwa gharama yangu.