Kitani ya Tajiri na Uzi wa Kombe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimeshindwa kuuvuka mstari mmoja, Luka 16:19. Palikuwa na tajiri aliyevaa zambarau na kitani safi, na mlangoni pake amelazwa Lazaro. Tukifika hapo wengi wetu hukimbilia vidonda na mbwa. Safari hii nimebaki kwenye nguo.

Kigiriki cha Luka kinaiita byssos, kitani ya uzi mwembamba sana, vazi la wafalme na makuhani. Wamisri walizungushia maiti zao vitambaa vyake. Yusufu alivikwa kitani safi siku Farao alipomweka juu ya nchi yote, na Daudi alivaa joho la kitani safi akilileta sanduku la agano (1 Mambo ya Nyakati 15:27).

Kwa jina hilohilo la byssos, leo wataalamu wa viumbe vya bahari wanaita kitu kingine kabisa: nyuzi za kombe, yule mnyama wa baharini mwenye magamba mawili. Anayesifika zaidi kwa nyuzi hizo ni Pinna nobilis wa Bahari ya Mediterania, ambaye gamba lake laweza kuzidi mita 1. Husimama wima kati ya nyasi za bahari, ncha yake imezama mchangani. Mguuni ana tezi inayotoa ute, na ute huo ukikutana na maji ya chumvi hugeuka uzi. Anaufunga kwenye vijiwe, kwenye vipande vya magamba, kwenye mizizi ya nyasi, uzi baada ya uzi. Mawimbi yakija, nyuzi hizo ndizo zinazomshika.

Ndugu zake wako pwani yetu pia, wale wanaoitwa panga. Nikiwa mtoto tulifuatana na bibi maji yakikupwa kwenda kuokota kombe. Nikamwona panga ametokeza ncha tu mchangani, nikamshika, nikavuta. Hakutoka. Bibi akaniambia, "Usivute mjukuu wangu, utajikata. Chimba." Nikachimba kwa vidole hadi chini kabisa, nikakuta shungi la nyuzi za kahawia, laini kama nywele za mtoto. Nilipomnyanyua alikuja na mchanga wake na vijiwe vyake vyote, hakuachia hata kimoja.

Kule Sardinia, hasa kisiwa cha Sant'Antioco, na Taranto kusini mwa Italia, nyuzi za yule Pinna mkubwa zilioshwa chumvi, zikaanikwa, zikachanwa, zikasokotwa kwa mkono. Kivulini ni kahawia, juani zinawaka kama dhahabu. Huko Saint-Denis, karibu na Paris, ilipatikana kofia ya karne ya 14 iliyofumwa kwa nyuzi hizo.

Hapa niseme wazi, maana yapo mafundisho yanayodai kwamba kitani safi ya Biblia ilitoka kwa kombe. Hapana. Ile ilitoka kwenye mmea, na jina lilihamia baharini baadaye sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba kombe huyu huota wima kutoka byssos, naye alimaanisha kilindi, sakafu ya bahari. Katika karne ya 15 mfasiri aliyeyageuza maneno yake kuwa Kilatini akadhani ni lile neno la kitani. Kilindi na kitani vikaangukia jina moja, na kosa hilo nimelishukuru, kwa sababu ndilo lililonipeleka Ufunuo 19:8.

Kule Bibi-arusi wa Mwana-Kondoo amepewa kuvikwa kitani nzuri, na Kigiriki chake ni cha nguo ileile ya tajiri. Yohana anaeleza kuwa ni matendo ya haki ya watakatifu. Namfikiria mama mmoja wa jumuiya yetu anayepeleka uji kwa jirani mgonjwa kila Ijumaa kabla hakujapambazuka. Hajawahi kusimama kutoa ushuhuda wa uji ule. Alipofiwa na mume nilidhani imani yake itang'oka, lakini Ijumaa iliyofuata sufuria lilikuwa jikoni. Matendo yale ya gizani yalimshika. Naamini ndiyo anayofumiwa vazi.

Lipo jambo lingine la kombe huyu linalonitisha. Umoja wa Ulaya unamlinda tangu 1992, lakini mwaka 2016 ugonjwa uliozukia Hispania ulianza kumwangamiza, ukasambaa karibu Mediterania yote. Kisababishi chake kikuu ni kimelea kisichoonekana kwa macho. Wapiga mbizi hukuta magamba yangali yamesimama wima, na ndani hamna kitu. Nimeiwaza picha hiyo ibadani, mimi nikiwa nimesimama na wenzangu, mikono juu, nikiimba.

Sasa rudini kwenye ule mlango. Luka ametuambia tajiri alivaa nini, rangi yake na kitambaa chake. Jina lake hakulitaja. Aliyetajwa jina ni yule asiye na vazi la kutajwa.

Bwana, yupo mtu mlangoni petu ambaye tunampita tukienda kwako. Tupe kumjua jina juma hili, tumwite kwa jina hilo, na tukae naye. Amina.