Hilux ya 3L: hatimaye namba za mafuta zimekubaliana

Limekamatwa! Hesabu ya mafuta ya hii Hilux yangu, modeli LN106, ambayo tangu turbo (feni ya kusukumia injini hewa zaidi) ifungwe ilikuwa haisomeki, imetulia. Na kilichokuwa kinaivuruga si turbo, si pampu, wala si mlima wa Kitonga, ule wa njia ya Morogoro hadi Iringa, ambao kila mtu alikuwa anausingizia, nami nikiwemo.

Hali ya gari kwa ufupi. Injini ni 3L ileile ya dizeli, cc 2,779 (3L ni jina la injini, si lita tatu). Turbo ni CT20 iliyotoka kwenye injini ya 2L-T iliyokufa, haina intakula, yaani kipoza hewa. Skrubu ya mafuta nyuma ya pampu imeingizwa kidogo, na kwa kuwa pampu ya 3L haina ile diaframu ya kusoma presha ya turbo, mafuta yameongezeka kuanzia chini kabisa, hata kabla turbo haijaamka. Ndiyo maana ukiondoka na gia ya pili unaacha wingu nyuma. Matairi ni 265/75R16 badala ya 205R16 za kiwandani. Springi za nyuma zimeongezwa vipande viwili. Na tenki la zamani lilikuwa limeoza, kwa hiyo lipo la kuchomelea, sentimita 90 kwa 50 kwa 20, lita 90 kwenye karatasi, limekaa pale palipokuwa panalala tairi la akiba. Hayo mawili ya mwisho, springi na tenki, yashike.

Gari hupanda Iringa tupu na kushuka Morogoro na viazi. Nilikuwa najaza tenki Morogoro kabla ya kuondoka, najaza tena Iringa baada ya kupakia, kisha najaza Morogoro nikishapakua. Kupanda: lita 35.4. Kushuka: lita 21.9. Njia ileile, dereva yuleyule, mguu uleule. Kwa kilomita 308 hiyo ni 8.7 kwa lita ukipanda na 14 ukishuka. Kilomita 14 kwa lita, 3L yenye matairi ya 265, imebeba magunia? Hata muuza magari hathubutu kusema hivyo.

Kabla ya kuendelea, hizo kilomita 308 si za dashibodi. Dashibodi inasoma 285, kwa sababu tairi la 265/75R16 lina kipenyo cha milimita 804 hivi na la 205R16 lina 734. Tairi kubwa likizunguka mara moja gari limekwenda mbali zaidi, ila mita haijui. Kwenye karatasi tofauti ni asilimia 9.5, lakini karatasi haibebi gari. Nilichora mstari wa chaki kwenye tairi na sakafu, nikasukuma gari mpaka tairi lizunguke mara 10, nikapima kwa futi ya kamba, halafu nikalinganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka. Kinachofaa kwa gari langu ni kuzidisha dashibodi kwa 1.08. Wanaolalamika kwamba matairi makubwa yameanza kula mafuta, wazidishe kwanza. Wengine watakuta hawajapoteza kitu.

Turudi kwenye pengo la lita 13 na nusu. Ushauri ulikuwa mwingi. Fundi pampu alitaka aishushe pampu aiweke mezani na nozo zote nne, vile vinyunyizio vya mafuta. Jamaa mwingine akasema Iringa nauziwa mafuta yaliyochakachuliwa. Fundi wangu wa siku zote akatoa jibu la kiroho: "Kaka, hii gari ina majini." Na wote kwa pamoja: Kitonga, Kitonga, Kitonga.

Basi nikaipigia Kitonga hesabu. Kutoka Morogoro hadi Iringa unapanda kama mita 1,000. Gari tupu na mimi ndani ni tani mbili. Kuinua tani mbili kwa mita 1,000 ni megajuli 20 hivi za nishati. Lita ya dizeli ina megajuli 36, na injini ya zamani yenye chemba ya pembeni kama 3L ikijitahidi sana inageuza asilimia 30 kuwa kazi. Gawanya uone: haifiki lita mbili. Kitonga nzima, na vile vilima vya kabla na baada yake, ni lita mbili pungufu! Ukishuka unazipata baadhi, sawa, lakini unashuka na magunia. Hakuna namna mlima unaweza kutengeneza pengo la lita 13. Nilirudia hesabu hiyo mara kadhaa nikidhani nimekosea nukta.

Na kitu kingine kikawa kinanisumbua. Ukijumlisha kupanda na kushuka unapata lita 57.3 kwa kilomita 616, yaani 10.75 kwa lita, na jumla hiyo haikuwa inabadilika safari hadi safari. Nusu mbili zinapigana lakini jumla imetulia. Gari lenye nozo mbovu halifanyi hivyo. Uchakachuaji haufanyi hivyo. Hiyo ni dalili kwamba kuna lita zinakopwa upande mmoja na kulipwa upande wa pili.

Hapo nikaamua kuliweka tenki pembeni kabisa na kupima injini peke yake. Kidumu cha lita 20, nimekifunga nyuma ya kabini, mipira miwili inaingia: wa kuvuta na wa kurudisha. Nasisitiza ule wa kurudisha. Pampu ya aina hii inavuta mafuta mengi kuliko inayochoma, na yanayobaki yanarudi tenkini yakiwa ya moto. Ukisahau kuuleta mpira wa kurudisha kwenye kidumu, utapima mafuta yaliyohama, na utajikuta na gari la kilomita tatu kwa lita. Kutoa hewa ni kile kijipampu cha mkono juu ya filta, unabonyeza mpaka kiwe kigumu, basi.

Kipimo chenyewe ni mizani, si mistari ya kidumu. Mafuta yanayorudi yanapasha kidumu joto, dizeli inatanuka, na mstari wa lita unaanza kudanganya. Kilo hazitanuki. Nina mizani ndogo ya dijitali ya kuning'iniza, inasoma kwa hatua za gramu 10, niliijaribu kwa chupa za maji ikasema kweli. Ile ya saa ya sokoni sikuiamini. Sindano inategemea umesimama upande gani, na kila mpakiaji wa viazi anajua hilo. Nilipima lita moja ya dizeli yangu nikapata gramu 840, nayo ndiyo natumia kugawanya.

Kuhusu flomita, vipimo vya mtiririko vya kufunga kwenye bomba, maana lazima mtu ataniuliza: kwa dizeli unahitaji mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, halafu unatoa. Kosa dogo kwenye kila moja linakuwa kosa kubwa kwenye tofauti, kwa sababu unatoa namba mbili kubwa zinazokaribiana. Za bei rahisi ni pambo tu. Na zile programu za simu zinazosoma matumizi ya mafuta kwa kuchomeka kifaa chini ya usukani, LN106 haina hata mahali pa kuchomeka. Ni injini ya vyuma na nyaya chache, asante Mungu.

Nikaenda Dumila na kurudi kwa barabara ya Dodoma. Kwenda na kurudi ni lazima, ili uanzie na kuishia kimo kilekile. Kilomita 130, kidumu kimepungua kilo 10.0, lita 11.9. Kumi nukta tisa kwa lita. Nikarudia siku nyingine, ikaja palepale. Injini ni nzima, nozo ni nzima, na majini hakuna.

Kwa hiyo tenki. Nililikausha, nikalijaza kwa kidumu nyumbani, kilo kwa kilo. Karibu na lita 84 likaanza kutema povu mdomoni, sauti ileile ninayoisikia sheli pale bunduki inapojikata na mhudumu anasema "imejaa, kaka". Nikawaita vijana wa mtaani wapande nyuma, wakajaa kwenye bodi hadi springi zikalala. Mafuta mdomoni yakashuka yenyewe. Yakafuata mapovu makubwa, blupu, blupu, mpaka mkono niliokuwa nimeshikia faneli ukalowa. "Anko, tushuke?" Msishuke! Nikaongeza kilo tano za dizeli, zikaingia zote bila kelele. Lita sita kasoro kidogo.

Pimamaji ikamaliza kesi. Kwa zile springi za nyongeza, gari likiwa tupu mkia unainuka nyuzi tatu. Tenki lina urefu wa sentimita 50 kuelekea nyuma, kwa hiyo ukingo wake wa nyuma unakuwa juu ya ule wa mbele kwa sentimita 2.6. Mpira wa kupumulia ulichomelewa ukingo wa mbele, upande wa mdomo wa kujazia, ambako ni rahisi kuufikisha. Hewa ya nyuma haina pa kutokea. Kabari ya hewa yenye kimo cha sentimita 2.6 pembeni, urefu 50, upana 90: lita 5.85. Ni zilezile za kidumu!

Sasa soma safari upya. Morogoro najaza gari tupu: tenki linakosa lita sita na sheli inasema limejaa. Iringa najaza likiwa na magunia, mkia umelala, hewa inatoka, yanaingia yale niliyotumia pamoja na lita sita za deni. Kupanda kunaonekana ni ulafi. Nikishuka naanza na tenki lililojaa kweli, nikifika napakua, najaza tupu, linakataa lita sita. Kushuka kunaonekana ni muujiza. Na jumla inabaki sahihi, kwa sababu deni na malipo ni yaleyale. Kitonga ilikuwa imekaa katikati ikibeba lawama kwa sababu kila mtu anategemea kupanda kule mafuta mengi. Kama ningekuwa nafanya safari za Dar tambarare, ningeshtuka mapema zaidi.

Ukarabati haukuwa na maajabu. Tundu jipya la kupumulia kona ya juu ya nyuma, mpira wake unaungana kwa T na ule wa zamani karibu na mdomo. Fundi wa kuchomea alikataa kuligusa tenki mpaka lioshwe kwa maji ya moto na sabuni na kujazwa maji hadi karibu na pale anapochomea, na ana haki. Tenki tupu la dizeli lenye mvuke ndani si kitu cha kusogezea moto kwa ubishi.

Matokeo ya safari za baada ya hapo: kupanda kilomita 10.4 kwa lita, kushuka 11.1. Tofauti ni chini ya lita mbili kwa safari nzima ya upande mmoja. Mlima umelipwa haki yake.

Nilikuwa nimepanga sasa nishughulikie ule moshi: kurudisha skrubu ya pampu robo kwa robo huku naangalia geji ya joto la ekzozi, kuset valvu, kisha termostati (valvu ya maji ya kupoza injini) ambayo naishuku inabaki wazi. Vyote vinasubiri, maana kile kidumu kimenipa wazimu mwingine. Land Cruiser zenye matenki mawili zina valvu ya umeme inayobadilisha mpira wa kuvuta na wa kurudisha kwa pamoja, ukibonyeza swichi ya dashibodi. Nikiipata hiyo, nafunga kidumu moja kwa moja, nabonyeza nikiwa natembea, napima kipande chochote ninachotaka: kupanda Kitonga peke yake, kukata hifadhi ya Mikumi taratibu kwa gia ya nne, kisha kipande kilekile kwa gia ya tano. Skrubu ya pampu nayo nitaijua kwa kilo, si kwa kuangalia rangi ya moshi kwenye kioo.

Jamaa wa spea za Gerezani, Dar, ameshaniangalizia valvu moja, imetoka kwenye gari lililogongwa, ni nzima. Tatizo ni ya volti 24 na gari langu ni 12. Ananiambia itafanya kazi tu, nisiwe mgumu. Nimemwambia aendelee kutafuta.