Kitenge cha buluu kwenye mawe mekundu

Kazi yangu ni picha za pasipoti, harusi na vipaimara, hapa Mwanga, Kigoma. Mawe huwa sipigi, hakuna anayelipia. Ila kaka yangu anaishi Phoenix, Arizona, na alipotutumia tiketi mimi na Mama mwezi Juni, nilifunga kamera kabla ya nguo.

Tulijazana kwenye gari: kaka, wifi, watoto wao, na Mama kiti cha mbele, tasbihi mkononi. Phoenix hadi mji wa Page ni kama kilomita 440, hazipishani sana na reli ya Kigoma hadi Tabora. Tofauti ni kwamba tulifika mchana uleule.

Antelope Canyon ni ufa ndani ya jabali, juu mwembamba, chini mnapishana kwa kuombana radhi. Uko kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, na huingii bila mwongozaji wao. Tulichagua Antelope ya Juu kwa sababu ya magoti ya Mama: unaingia ukitembea mchangani, bila kushuka ngazi. Stendi ya kamera hairuhusiwi, basi ni kubana viwiko ubavuni na kushika pumzi.

Wekundu wa mwamba ule unatokana na chuma kilichoshika kutu ndani ya mchanga. Lakini kule chini kazi kubwa inafanywa na mwanga. Jua linapiga ukuta mmoja juu, ukuta unaurushia mwenzake, naye anaurusha chini, na kila unapodunda unazidi kuwa wa rangi ya chungwa. Ukiiacha kamera ijipangie rangi, inadhani kuna kosa na kuusawazisha wote. Unabaki na kahawia tupu. Mimi niliiweka kwenye rangi ya jua, nikapima mwanga kwenye sehemu angavu ya ukuta, vivuli nikaviacha viwe vivuli.

Mama nilimvalisha kitenge cha buluu kwa makusudi. Huo mwanga ulimpenda! Uso wake ukatoka rangi ya shaba, kila kunyanzi kinasomeka. Watalii waliokuwa mbele yetu, wenye ngozi nyeupe, walitoka kama karoti.

Mwongozaji alitueleza habari za Agosti 1997, mafuriko yalipoua watalii 11 kwenye Antelope ya Chini. Mvua ilinyesha mbali, maji yakaja na bonde. Kaka alipomaliza kutafsiri, Mama akasema, "Muulize mawingu leo yako wapi." Hakutulia mpaka alipojibiwa.

Horseshoe Bend, pale mto unapojikunja kama kiatu cha farasi, tulipita haraka, jua lilikuwa kali na watoto wameshanuna.

Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, ndipo ubishi ulipoanza. Mama aligoma kusogea ukingoni. Akauliza maji yaliyochimba shimo lote lile yako wapi, akaonyeshwa mto Colorado, uzi mwembamba kule chini, kama kilomita moja na nusu. Akaguna. Kaka naye, kwa majivuno ya mwenyeji, akasema kwetu hakuna kitu cha namna hii.

Nikamwambia kipo, ila kimejaa maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina zaidi, na sakafu yake hapo iko chini ya usawa wa bahari. Lile la Arizona limekatwa na mto. Letu ni ardhi iliyovutwa huku na huku, katikati ikadidimia. Ukilikausha, mtu wa Ujiji atakuwa amesimama kwenye ukingo, na milima ya Kongo ng'ambo ndiyo ukuta wa pili.

"Basi lipige picha," akanijibu, na wifi akacheka. Hapo sikuwa na la kusema. Mpiga picha wa Kigoma anapata uso wa maji, mitumbwi na taa za wavuvi wa dagaa usiku. Korongo lenyewe halipigiki.

Tuliporudi nilimpa Mama achague picha ya kusafisha saizi kubwa, ya sebuleni. Akaruka Antelope yote, akachukua ile ya kituo cha mafuta pale Page, kwa kuwa wajukuu wote wameangalia kamera. Ya kitenge nimeitundika studio. Tayari bibi harusi mmoja ameniuliza ukuta ule mwekundu uko mtaa gani.