Feni ya bafuni ilitetemesha dari miezi mitatu, kumbe shida ni uzito

Kwa miezi kama mitatu hivi feni yetu ya bafuni, ile ya darini ya kutoa mvuke, ilikuwa inanguruma mpaka ukiwa chumba cha pili unaisikia, alafu ikishika kasi dari lote linaanza kutetemeka na ile kava nyeupe ya chini inagonga tatatatata, mtu akioga usiku wa manane nyumba nzima iko macho. Kilichofuata ni kile kinachotokea kwenye nyumba nyingi, watu wakaacha kuiwasha. Mtoto anaiogopa, mke wangu anasema bora mvuke kuliko hiyo kelele, na mimi mwenyewe nikawa naipita tu ile swichi. Baada ya muda kwenye kona ya dari, juu ya bomba la mvua, vikaanza kutokea vidoa vyeusi vya kuvu. Hapo ndo nikabeba ngazi.

Naandika hii kwa sababu nilianza vibaya, na nadhani wengi wanaanzia palepale nilipoanzia. Feni ikipiga kelele mawazo yote yanakimbilia kwenye mota: mota imekufa, nunua nyingine, au mwagia oili uone. Ya kwangu mota ilikuwa nzima kabisa.

Kabla ya chochote, umeme. Zima kwenye breka, sio swichi ya ukutani peke yake, manake kuna nyumba waya zimefungwa kinyume, swichi inakata nyutro na laivu, yaani waya wenye umeme, inabaki inakaa kwenye feni hata kama imezimwa. Alafu hata ukishazima breka gusa waya na testa, na testa yenyewe uwe umeijaribu kwanza mahali unapojua kuna umeme. Ni bafuni, kuna unyevu, na uko juu ya ngazi, hapa sina utani.

Nilipotoa kava nikakuta lile gurudumu la feni, lile la vibapa vingi vyembamba vimepangwa duara kama kikapu, limejaa vumbi la kijivu lililoshikana na mvuke na unyuzi wa taulo mpaka limekuwa kama sufi. Nikachukua mswaki wa zamani nikaanza kusugua hukohuko juu, bila kulitoa, upande ninaoufikia tu, vumbi linanidondokea machoni. Nikaridhika, nikarudisha kava, nikawasha. Ikatetemeka KULIKO mwanzo! Yaani nimesafisha na hali imekuwa mbaya zaidi, nilikaa kwenye ngazi dakika nzima najiuliza nimeharibu nini.

Kumbe nilikuwa nimeliachia gurudumu upande mmoja mwepesi na mwingine mzito. Lile vumbi sio uchafu tu, ni uzito, na kwenye kitu kinachozunguka uzito mdogo sana unakuwa mkubwa. Nilipiga hesabu baadae kwa sababu nilitaka kuamini. Chukua gramu 5 tu za vumbi, zimekaa upande mmoja, sentimita 8 kutoka katikati, feni inazunguka mara 1200 kwa dakika. Zile gramu 5 zinavuta shafti, ile nondo ya mota inayozungusha gurudumu, kwa nguvu ya mzigo wa zaidi ya nusu kilo, na mvuto huo unazunguka pande zote mara 20 kila sekunde. Na ukiongeza kasi mara mbili nguvu inakuwa mara nne, ndo maana feni nyingi ukiwasha zinaanza vizuri alafu mtetemo unakuja ikishachanganya. Sasa hicho kitu kimefungwa kwenye silingi bodi, ambayo ni kama ngozi ya ngoma, kelele utakosaje.

Kwa hiyo nikashusha mota yote. Feni nyingi za darini mota na gurudumu vimekaa kwenye bamba moja lenye skrubu mbili tatu, unachomoa plagi yake ndogo ndani ya boksi na kitu kizima kinashuka mkononi, kishikilie kisije kikaning'inia na waya. Mezani ndo unafanya kazi kwa raha. Kabla sijatoa gurudumu kwenye shafti nikaweka alama ya kalamu kwenye shafti na kwenye gurudumu, ili lirudi vilevile lilivokaa. Mengine yana kiskrubu kidogo pembeni, mengine klipu, mengine nati, na angalia hizo nati, zipo zinazofunguka kinyume, kwa hiyo ikigoma usilazimishe, jaribu upande wa pili kwanza. Plastiki ya gurudumu ikipasuka karibu na shafti habari imeisha.

Gurudumu likaenda kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, likalala humo kama nusu saa, alafu mswaki, kibapa kimoja kimoja, ndani na nje. Hii ndo sehemu ya kuwa na subira, ukiacha vibapa vitano na vumbi umerudi kulekule nilikokuwa. Mota yenyewe haioshwi, hiyo ni brashi kavu na kupuliza, na usiiache na vumbi hata kama haipigi kelele kwa sababu vumbi likifunika koili mota inashindwa kupoa.

Wakati gurudumu linakauka nikaikagua shafti, na hapa ndo mahali pa kujua kama mota ni ya kutunza au ya kutupa. Shika shafti kwa vidole viwili uitikise. Ikicheza kidogo kwenda mbele na nyuma, ndani nje, hiyo kawaida. Ikicheza kushoto kulia, hata kidogo tu ukasikia tk tk, bushi, zile pete ambamo shafti inazungukia, zimeliwa na hakuna oili itakayorudisha chuma kilichokwisha. Ya kwangu haikucheza ubavuni, ila kuizungusha kwa mkono ilikuwa nzito, inasimama haraka kama imeshikwa na kitu. Kavu.

Mota nyingi za feni hizi ndogo hazina gololi, zina bushi ya shaba iliyotengenezwa kwa unga wa shaba ulioshindiliwa, kwa hiyo ina vitundu vidogo vidogo inanyonya oili kama sponji, na pembeni yake kuna kiduara laini kama sufi kinachotunza oili ya ziada. Oili ile ikikauka ndo unasikia ule mlio wa kukwaruza au kulia, hasa feni ikiwa ya baridi ndo umeiwasha. Nilifuta shafti, nikatia matone mawili matatu ya oili nyepesi ya mashine kila upande, pale shafti inapoingilia kwenye bushi, nikawa naizungusha kwa mkono taratibu huku naongeza tone. Ukizungusha unaisikia kabisa kwenye vidole inalainika, mwanzo inakwaruza, baadae inateleza, mwisho ukiiachia inaendelea kuzunguka yenyewe. Nilifurahi sana hapo.

Tafadhali usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda yanakuwa kama gundi. Na ile spreya ya kulegeza kutu ambayo kila mtu anayo ndani, hiyo inaosha oili ya zamani alafu yenyewe inakauka, utapata ukimya wa wiki mbili kisha kelele inarudi na hasira. Na kama feni yako ina beringi za gololi zilizofunikwa pande zote, oili ya nje haiingii, hizo zinabadilishwa, namba imeandikwa ubavuni mwake, mfano 608 ni tundu milimita 8 na kipenyo cha nje milimita 22, unakwenda dukani na namba sio na maelezo.

Baada ya oili nikarudisha gurudumu, nikaiweka mota mezani shafti ikiwa imelala, nikazungusha polepole na kuiacha isimame yenyewe. Mara tano. Kama upande uleule unarudi chini kila mara, huo ndo mzito. Hii fanya baada ya oili sio kabla, manake bushi kavu inashikilia gurudumu popote na haikwambii ukweli. Langu lilikuwa linarudi na kibapa kilekile chini, kwa hiyo nikabandika kipande kidogo cha utepe wa karatasi wenye gundi upande wa juu, mkabala wake, nikajaribu tena, nikapunguza kidogo kwa mkasi, mpaka likawa linasimama popote. Mapanga makubwa ya feni za ukutani kanuni ni hiyohiyo, ila hayo uzito ukizidi mara nyingi ni panga moja limepinda.

Kurudisha juu nikakuta skrubu mbili kati ya nne za boksi zimelegea kabisa, mtetemo wa miezi yote hiyo umezitoa. Nikazikaza kwenye mbao, nikaweka washa za raba mpya kwa sababu za zamani zilikuwa zimekauka ngumu kama kokoto. Usikaze mpaka raba ikabapa, ikibapa haizuii kitu.

Nikawasha breka, nikawasha feni, na mke wangu akauliza kutoka sebuleni kama umeme umekatika. Kupima kama inavuta hewa nikaweka karatasi ya chooni moja kwenye kava, ikanata. Zamani ilikuwa inadondoka. Kama ya kwako haishiki hata baada ya kusafisha, fungua mlango kidogo ujaribu tena, maana feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inapoingilia, na ikiwa bado angalia lile bomba la hewa darini kama halijakunjika, na kama kweli linafika nje na sio limeishia humo humo juu ya dari likimwaga mvuke kwenye mbao.

Sasa tunaiacha iendelee dakika 20 baada ya mtu kutoka kuoga. Vile vidoa nimevifuta, naviangalia kila siku. Kimebaki kitu kimoja, usiku upepo ukiwa mkali nje kile kifuniko chepesi cha kuzuia hewa isirudi ndani kinapiga tak, tak. Nimebandika kipande chembamba cha sponji kwenye ukingo kinapotua, jana upepo ulikuwepo na kiligonga kwa sauti ya chini sana, nadhani nikiongeza kipande kingine kwenye kona ya kushoto kitanyamaza.